Ufa Usioonekana: Kuondoa Mabaki ya Saruji ya Mfereji Katika Dentini ya Jino

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wazazi, viongozi na wenye nyumba, lakini ndani ya kinywa cha binadamu inasadifu neno kwa neno. Jino ambalo mzizi wake umetibiwa na kuzibwa laweza kuoza upya kwa sababu ya ufa mwembamba kuliko unywele. Ufa huo huweza kutokana na uchafu kidogo uliosahauliwa ukutani mwa jino siku ile ile ya kulifunga. Uchafu wenyewe ni mabaki ya saruji iliyotumiwa kuujaza mfereji wa mzizi. Makala haya yananuia kueleza mabaki hayo ni nini, yanafikaje katika dentini, yanaleta madhara gani na huondolewa kwa njia zipi.

Huenda msomaji akauliza: fasihi na meno, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba swali hili ni la lugha kama lilivyo la tiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na tiba yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Mgonjwa hawezi kuridhia kwa dhati jambo asilolifahamu. Hata hivyo, wengi wetu tukitoka kwa daktari wa meno husema tu kwamba "jino limezibwa". Kitenzi hicho kimoja, kuziba, kimebeba mzigo mkubwa mno. Kimeficha kwamba jino lililotibiwa mzizi huzibwa mara mbili, kwa vitu viwili visivyopatana, na kwamba kati ya kuziba kwa kwanza na kwa pili pana kazi ya tatu ambayo haina budi kufanywa: kusafisha. Hoja kuu ya makala haya imo katika kazi hiyo ya tatu.

Umbo la Jino

Kabla ya kulieleza tatizo, ni vyema tulitazame jino lenyewe. Sehemu inayoonekana juu ya ufizi huitwa taji, na iliyozama katika mfupa wa taya ni mzizi. Taji limevikwa enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini ya enameli kuna dentini, na katikati ya dentini kuna uwazi wenye kiini cha jino, yaani mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na nyama laini. Uwazi huo ni mpana ndani ya taji, na kuanzia hapo huwa mwembamba ukateremka kama mfereji hadi kwenye ncha ya mzizi.

Dentini ndiyo mhusika mkuu katika mjadala huu. Kwa uzito, takriban asilimia 70 yake ni madini, asilimia 20 ni protini, hasa kolajeni, na asilimia 10 ni maji. Isitoshe, dentini si jiwe kavu. Imetobolewa na vijineli vidogo mno vinavyoelekea nje kutoka kwenye kiini. Karibu na kiini, milimita moja mraba huweza kuwa na vijineli wapatao 45,000. Karibu na enameli hupungua hadi kiasi cha 20,000. Upana wa kijineli kimoja ni kati ya maikromita 1 na 3, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hivyo ukuta unaoonekana laini kwa macho ni kama chujio lenye matundu yasiyohesabika. Chochote kinachopakwa juu yake huweza kuingia ndani.

Kuziba kwa Kwanza: Mfereji

Bakteria wa uozo wanapofika kwenye kiini, kiini huvimba, huuma na hatimaye hufa. Zamani dawa ilikuwa kung'oa. Siku hizi daktari aweza kuliokoa jino kwa kutibu mzizi wake. Hutoboa taji, huondoa kiini kilichooza, hupanua mfereji kwa vyuma vyembamba mfano wa tupa, na huuosha kwa haipokloraiti ya sodiamu, ambayo ndiyo kemikali iliyomo katika dawa za kung'arishia nguo nyeupe. Mara nyingi hufuatisha kimiminiko cha EDTA cha asilimia 17 ili kuondoa vumbi la dentini lililokwama ukutani.

Baada ya hapo mfereji hujazwa. Kijazio kikuu ni gutapacha, utomvu mkavu wa miti ya Kusini Mashariki mwa Asia, ule ule uliotumiwa katika karne ya 19 kufunika nyaya za simu za chini ya bahari. Gutapacha hainati kwenye dentini. Ikiingizwa peke yake huacha nafasi pembeni, na nafasi hizo ni makao mema ya bakteria. Ndiyo sababu hupakwa saruji ya mfereji, yaani uji mzito unaojaza nafasi hizo kisha ukaganda. Tumechagua neno saruji kwa makusudi. Tungaliiita gundi, tungaliichanganya na gundi nyingine tutakayoikuta mbele, na mkanganyiko huo ungeturudisha pale pale tulipoanzia.

Saruji hizi ni za namna kadhaa, lakini tatu zatosha kwa mjadala wetu. Ya kwanza huundwa kwa unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli. Ya pili ni ya epoksi, iliyoasisiwa nchini Uswisi na André Schroeder katika miaka ya 1950, na warithi wake wangali wakitumika kote duniani. Ya tatu, changa kuliko zote, ni ya silikati ya kalsiamu, ambayo huganda kwa kufyonza unyevu uliomo katika dentini.

Gutapacha iliyopakwa saruji inaposukumwa mferejini, saruji ya ziada hufurika na kupanda juu. Huo si uzembe wa daktari, bali ni jambo lisiloepukika, kwa kuwa mfereji usiofurika huenda haukujaa. Saruji iliyofurika hutapakaa katika kuta za uwazi wa taji. Hapo ndipo mabaki yanapozaliwa.

Kuziba kwa Pili: Taji

Mfereji ukishajazwa, tundu la taji nalo linahitaji kufungwa, tena kwa uthabiti. Mwaka 1995 watafiti Ray na Trope walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za meno yaliyotibiwa mizizi. Walionyesha kwamba ubora wa kizibo cha taji ulihusiana kwa nguvu na uzima wa mfupa ulio kwenye ncha ya mzizi. Tangu hapo wataalamu wamejadili uzito wa kila upande, lakini fundisho lililobaki ni kwamba mzizi uliojazwa vizuri hautoshi iwapo mlango wa juu unavuja. Mate yakipenya, bakteria hupenya nayo.

Leo kizibo cha taji kwa kawaida ni kompositi, yaani rezini iliyochanganywa na chembe za kioo, yenye rangi ya jino, na ambayo hugandishwa kwa taa ya buluu. Kompositi hushikizwa kwa gundi. Maarifa haya yana historia. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori huwa na vishimo ambavyo rezini huweza kuving'ang'ania. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake nchini Japani walieleza jinsi gundi inavyoshika kwenye dentini: asidi huondoa madini ya juu, nyuzi za kolajeni hubaki wazi kama nyuzi za sifongo, gundi hupenya kati yake na kugandia humo. Tabaka linalotokea si dentini tupu wala si gundi tupu, bali ni chotara wa vyote viwili.

Ni dhahiri basi kwamba gundi haiambatani na jino kwa kupakwa juu tu kama rangi ya ukuta. Huingia ndani yake. Na ili iingie, sharti ikute mlango wazi.

Mabaki Yanaleta Madhara Gani?

Madhara ya kwanza ni ya kuziba njia. Saruji ya epoksi iliyoachwa juu ya dentini huganda na kuwa utando mwembamba unaofunika kolajeni na kuingia katika vinywa vya vijineli. Daktari akipaka gundi juu ya utando huo, gundi itashika utando badala ya kushika jino. Kwa macho kila kitu kitaonekana sawa. Taa itawashwa, kompositi itaganda, na mgonjwa atalipa na kwenda zake. Lakini nguvu ya mshikamano huwa imepungua, na kila atafunapo, ukingo wa kizibo huachana na ukuta kidogo kidogo. Huo ndio ufa tuliouanza nao.

Madhara ya pili ni ya kikemia, nayo yanatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Yujenoli iliyomo katika saruji ya zinki ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Unguja na Pemba zimevuna karafuu tangu karne ya 19, na hapo Pemba mafuta hukenekwa hata kutokana na makonyo. Tangu jadi watu wa pwani wametia karafuu kwenye jino linalouma, na sayansi haiwapingi: yujenoli hutuliza maumivu na hudhoofisha bakteria. Lakini sifa iyo hiyo ni kizuizi kwa kompositi. Rezini huganda kwa sababu mwanga huzalisha radikali huru ambazo huunganisha molekuli ndogo ndogo ziwe minyororo mirefu. Molekuli ya yujenoli huzidaka radikali hizo na kuzizima kabla hazijaikamilisha kazi. Matokeo yake ni gundi iliyoganda nusu, laini na dhaifu. Aidha, saruji ya zinki ikikutana na maji huachia yujenoli upya, ikapenya katika dentini iliyo jirani. Hivyo dawa iliyokuwa rafiki wa jino linalouma hugeuka kuwa adui wa jino linalofungwa. Mambo ni kwa mahali pake.

Madhara ya tatu ni ya sura. Saruji iliyoachwa ndani ya taji la jino la mbele huweza kulibadilisha rangi kadiri miezi inavyopita, na zile zenye chembe za fedha zina sifa mbaya zaidi ya kulifanya jino kuwa la kijivu. Mtu ambaye jino lake limetibiwa likapona, lakini akawa anaziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, hajatibiwa kikamilifu.

Namna ya Kuyaondoa

Kanuni ya kwanza ni wakati. Saruji mbichi huondoka kwa urahisi. Iliyoganda huhitaji kukwanguliwa. Saruji za epoksi huchukua saa kadhaa kuganda, kwa hivyo daktari anayesafisha mara tu baada ya kujaza mfereji ana nafasi nzuri kuliko yule anayengoja mgonjwa arudi wiki ijayo. Udongo uwahi ungali maji.

Hatua ya kwanza ni kuikata gutapacha kwa chuma cha moto na kuishusha hadi milimita 1 au 2 chini ya usawa wa ufizi, hasa katika meno ya mbele, ili pasibaki kijazio wala saruji ndani ya taji. Wakati wote huo ule mpira mwembamba unaolitenga jino na mate haufai kuondolewa, kwa kuwa hakuna maana ya kuondoa saruji na kukaribisha mate.

Hatua ya pili ni kusugua kuta. Pamba kavu haitoshi. Hufuta kilicho juu na kukipaka kilichobaki, mithili ya mtu anayefuta mafuta mezani kwa karatasi. Huhitajika kiyeyushi. Kwa saruji za epoksi na za zinki, kiyeyushi kilichozoeleka ni spiriti, iwe ethanoli au ya jamii yake, inayotiwa katika pamba au kiburashi kidogo. Kiburashi kina faida ya kufika kwenye pembe ambazo pamba huzipita. Pamba hubadilishwa tena na tena mpaka itoke safi, kisha kuta huoshwa kwa maji. Kwa saruji ya silikati ya kalsiamu mambo ni tofauti. Hiyo hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa maji ingali mbichi, na ikishaganda spiriti haiifanyi lolote la maana. Daktari hana budi kujua ameweka saruji gani kabla ya kuchagua cha kuiondolea.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni kukagua na kuifufua dentini. Wachunguzi waliotumia hadubini ya elektroni wamekuta mabaki juu ya dentini hata baada ya kusuguliwa kwa viyeyushi na kuonekana safi kwa macho. Spiriti hupunguza mabaki, haiyamalizi. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hutazama kuta kwa miwani ya kukuza au hadubini ya kliniki, kisha huondoa tabaka jembamba sana la dentini kwa kekee inayozunguka polepole, au kwa kupuliza unga laini wa oksidi ya alumini. Saruji iliyoingia katika vinywa vya vijineli huondoka pamoja na tabaka hilo, na dentini mpya hujitokeza. Hapa pana haja ya kiasi. Jino lililotibiwa mzizi limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na kila kinachokwanguliwa hakirudi. Lengo ni kuondoa uchafu bila kuuondoa ukuta.

Hatua ya nne ni asidi. Asidi ya fosfori ya takriban asilimia 37 hupakwa kwenye dentini kwa muda wa sekunde 15 hivi, kisha huoshwa. Pamoja na kuitayarisha kolajeni, asidi hiyo huondoa sehemu ya dentini iliyonyonya yujenoli. Hii ndiyo sababu panapohofiwa yujenoli, gundi zinazotanguliwa na asidi ya kuoshwa hupendelewa kuliko zile zisizooshwa, ambazo huuacha uchafu mahali pake na kuuchanganya na gundi. Baada ya hapo dentini hukaushwa kiasi, isiwe na vidimbwi vya maji wala isikauke kabisa, kwa kuwa kolajeni iliyokauka hulala na kuifungia gundi njia. Ndipo gundi hupakwa, taa huwashwa na kompositi hujazwa.

Mgonjwa Aulize Nini?

Maarifa yaliyotangulia hayakusudiwi kumfanya mgonjwa kuwa daktari wa jino lake. Kiyeyushi na kekee si vitu vya kuchezewa nyumbani. Hata hivyo, mgonjwa anayejua kwamba kuziba ni mara mbili aweza kuuliza maswali matatu kwa adabu: Je, daktari, umetumia saruji yenye yujenoli au isiyokuwa nayo? Je, kizibo cha juu ni cha muda au cha kudumu, na kama ni cha muda, nirudi lini? Je, kuta zitasafishwa kabla ya kizibo cha kudumu? Daktari mwema hatakerwa na maswali hayo.

Tena mgonjwa ana wajibu wake. Aliyetia mafuta ya karafuu ndani ya jino lililo wazi, akitafuta nafuu usiku wa manane, amwambie daktari bila haya. Hajafanya kosa, lakini habari hiyo huathiri uamuzi wa namna ya kuisafisha dentini. Na aliyewekewa kizibo cha muda asikifanye cha kudumu kwa kutorudi. Vizibo vingi vya muda vina oksidi ya zinki, baadhi pamoja na yujenoli, na havikuumbwa kustahimili miezi ya kutafuna.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba saruji inayoufunga mfereji ni muhimu ndani ya mzizi na ni uchafu ndani ya taji. Yameonyesha kuwa mabaki yake huizuia gundi kupenya dentini, kwamba yujenoli huizuia isigande, na kwamba kuyaondoa kunahitaji kuwahi, kutumia kiyeyushi kinachofaa, kukagua na kuifufua dentini kwa kiasi. Dakika chache za kusugua ndizo zinazolinda kazi ya saa nyingi na gharama ambayo kwa familia nyingi si haba.

Kwa upande wa lugha, tumejitahidi kulieleza jambo hili tangu mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili. Maneno kama dentini, enameli na yujenoli tumeyatohoa. Maneno kama taji, mfereji, kijineli na saruji yalikuwapo, nasi tumeyapa kazi mpya. Pengine wanaistilahi watapendekeza yaliyo bora, nasi tutawashukuru. La muhimu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wale wa udaktari wa meno katika vyuo vyetu wakae meza moja na kuyajadili. Mgonjwa aliyefungua kinywa hawezi kusema. Basi aelezwe kabla hajakifungua, na aelezwe kwa lugha anayoiota.